Watoto wa vita Kivu: unga kwanza au ushauri nasaha?

Kabla waasi wa M23 hawajauteka mji wa Goma, mashariki mwa Kongo (DRC), Januari 2025, kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka zilikuwa na mahema ya michezo ya watoto: ngoma, kamba ya kuruka, karatasi za kuchorea. Hatua chache kutoka hapo ungemkuta msichana wa miaka kumi kwenye foleni ya maji, bidoni mkononi, mdogo wake mgongoni. Hema liliwekwa kwa ajili ya watoto kama yeye, ila nafasi ya kuingia hakuwa nayo.

Ndiyo maana wanaosema unga kwanza, ushauri nasaha baadaye, siwezi kuwapuuza. Mei 2024 makombora yaliangukia makazi ya wakimbizi Mugunga na kuua watu, watoto wakiwemo. Mtoto anayeshtuka usiku baada ya hapo si mgonjwa. Anaogopa kitu kilichopo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, takriban 22% ya watu wana tatizo la afya ya akili. Ni wengi mno, lakini waliobaki ni wengi zaidi, na hao wanahitaji usalama, shule, na mzazi ambaye hashindi akihangaikia chakula cha jioni.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo ikivutwa sana, inawatupa hao 22%. Huko Uganda kaskazini, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia vijana 85 waliowahi kutekwa na kutumikishwa na waasi. Kundi moja lilisaidiwa kusimulia maisha yao hatua kwa hatua, la pili likapewa masomo ya ziada na ushauri kidogo, la tatu likasubiri. Dalili za kiwewe zilipungua zaidi kwa waliosimulia. Shule peke yake, basi, haikutosha. Na waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo.

Kinachonikera mimi ni ziara za kupita: mtaalamu anafika, anamchokonoa mtoto aseme aliyoyaona, anapiga picha, anaondoka. Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri kikao kimoja cha namna hiyo. Miradi mifupi nayo haiko mbali na hapo. Mapema 2025 Marekani ilisitisha misaada yake, na karibu wakati huohuo M23 wakawaamuru wakimbizi waondoke kambini. Mtoto aliyekuwa ameanza kumzoea mshauri wake alimpoteza pamoja na hema.

Mwalimu au jirani aliyekimbia na watu wake angehama nao. Huyo ndiye ningemwekea fedha, nikijua fika gharama yake: naye amefiwa, naye hana unga, na posho ya kujitolea haimlishi. Bila mshahara wa kueleweka na mtu wa kumsikiliza yeye pia, miezi michache tu atakuwa amechoka kuliko watoto anaowasaidia.