“Tutambeba” si jibu

Piga simu hoteli za Diani au Nyali, pwani ya Kenya, uulize kama mgeni anayetumia kiti cha magurudumu ataweza kukaa kwao. Mara nyingi utajibiwa kwa ukarimu: “Hakuna shida, vijana wapo, tutambeba.” Nia ni njema, lakini likizo huanza kuharibika hapo. Mtu mzima hataki kubebwa kila anapokwenda msalani, na usiku wa manane hao vijana hawapo. Tena akishikwa na wasiojua kumshika, anaweza kuteguka bega au kuchunika mahali asipo na hisia, kidonda kikaja kuonekana kesho yake. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na ya kufika mahali pote kwa kiwango cha kuridhisha. Kubebwa kama gunia si heshima.

Kwa hiyo usiulize kama wana chumba cha walemavu. Uliza sentimita. Kiti cha kawaida cha kusukumwa kina upana wa sentimita 60 hadi 70, hivyo mlango ukifunguliwa uache uwazi wa 80. Mlango wa chumba si tatizo sana. Wa bafu ndio unaokwamisha. Omba utumiwe picha yake, futi ya fundi ikiwa imenyooshwa kutoka fremu hadi fremu. Uliza kama kuna kizingiti cha shawa, kama ndani kuna sentimita 150 za kugeuzia kiti, na kitanda kina kimo gani: 45 hadi 50 hulingana na kiti, mtu akahama bila kuinuliwa. Wakisema wana njia ya mteremko, uliza urefu wake. Kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka 12 za mteremko, kwa hiyo ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mita 1.8. Ubao wa nusu mita ukilazwa juu ya ngazi hiyo, kiti kitabinuka kwa nyuma.

Halafu kuna bahari, ambayo wageni wa bara husahau kuipangia. Mchanga mkavu wa Diani ni laini kama unga. Magurudumu madogo ya mbele huzama na kiti hukwama palepale. Kivute kinyumenyume, kikiegemea magurudumu makubwa. Mchanga mgumu hupatikana maji yakipwa. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Anayetaka kutembezwa ufukweni apangiwe bamvua. Mtoto anayetulia akiwa majini apangiwe maji mafu, ambapo bahari haikimbii mbali. Wakati wa upepo wa kusi mwani hujaa ufukweni, na mtoto asiyevumilia vitu vinavyoteleza hatakanyaga hapo. Jioni suuza kiti kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe na utie mafuta kwenye beringi. Chumvi huzila upesi.

Safari yenyewe nayo ina mitego. Katika stesheni ya SGR, treni ya Nairobi hadi Mombasa, pale Syokimau, mizigo hupangwa chini ikanuswa na mbwa wa polisi kabla abiria hawajaingia. Mtoto mwenye usonji (autism) anayeogopa mbwa anaweza kuvurugika kabla hata hajaiona treni. Mwonyeshe picha za kila hatua wiki nzima kabla: lango, mbwa, foleni, behewa. Siku yenyewe mzazi mmoja asimame na mizigo, mwingine akae na mtoto mbali, na askari aelezwe mapema. Ndani, daraja la pili abiria hukaa wakitazamana, watatu upande mmoja na wawili upande wa pili, magoti yakigusana. Daraja la kwanza ni wawili kwa wawili. Kwa safari ya saa tano au sita, naona pesa ya ziada heri iende huko kuliko kwenye chumba kinachotazama bahari. Asiyeweza kusimama asisahau mto wake wa kiti, na ajiinue au ajiegemeze upande kila nusu saa.

Anayekwenda Diani akishuka Miritini, stesheni ya Mombasa, apite barabara ya Dongo Kundu, asipande feri. Pale Likoni maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na umati humzonga mtu aliyekaa chini ya vifua vya wenzake.

Dawa za kifafa zigawe kwenye mikoba miwili, na ziada ya siku tano. Aliyeumia uti wa mgongo kwa juu huenda asitoke jasho inavyotakiwa, hivyo joto humpanda bila dalili: chupa ya kunyunyizia maji, kivuli kuanzia saa tano.

Kwa mtoto mwenye usonji, hotelini omba chumba kilicho mbali na jukwaa la muziki, jenereta na jiko. Omba mtoto apakuliwe chakula nusu saa kabla ya bufee kujaa, na ubebe shuka lake na kikombe chake cha nyumbani. Siku ya kwanza isiwe na ratiba yoyote. Siku ya tatu akikataa kutoka, asiburutwe. Wakubwa wabaki naye kwa zamu, saa mbili kila mmoja, ili ndugu zake nao waogelee.