Nyoka wa Barbados: kumwona na kumjua

Juzi barazani hapa Lamu ilitajwa habari ya kijinyoka kilichopewa jina na mtaalamu wa kigeni, na hukumu ilitoka kahawa haijamiminwa: mzungu tena kagundua kitu cha watu. Nyoka mwenyewe ni wa Barbados, sentimita 10 hivi, mwembamba kama tambi. Mwaka 2008 mtaalamu wa Marekani, Blair Hedges, alimtangaza kuwa aina mpya na kumpa jina la mkewe, Carla. Watu wa kisiwa wakaja juu: huyu tunamjua siku zote, wewe umegundua nini?

Hasira yao naielewa. Ilipotangazwa mwaka 2010 kwamba kamera zimenasa sange, kinyama chenye pua ndefu, asiyefahamika kwa wataalamu katika msitu wa Boni, Waaweer, wenyeji wa msitu huo, hawakuhitaji kamera. Na hilo jina la mke, hata kama mke naye ni mtaalamu, lina upendeleo wake.

Lakini kumwona si kumpambanua. Sisi hapa, kijinyoka chochote kisichojulikana kichwa wala mkia ni ndumakuwili, basi. Nani aliinama akahesabu magamba? Wasomi nao walisinzia: nyoka huyuhuyu alikaa makumbushoni London tangu karne ya 19 kwa jina lisilo lake.

Ninayemhofia mimi ni yule mwingine, nyoka kipofu wa Asia anayesafiri ndani ya vyungu vya maua. Barbados ameshafika, na ukiwaweka wote wawili kiganjani hutajua yupi ni yupi. Huyu wa vyungu ni jike siku zote, hutaga bila dume; akimwagwa mmoja na udongo wa bustani, umemwaga ukoo. Mwenyeji anahitaji dume, na hutaga yai moja. Moja! Hayo kwenye kisiwa kilichopoteza asilimia 98 ya msitu wake wa asili. Pasipo lile jina la 2008, mgeni angemaliza nafasi ya mwenyeji huku mkulima akiapa kwamba nyoka wake bado wamejaa shambani.

Machi 2025 mwenyeji alionekana tena chini ya jiwe, baada ya karibu miaka 20 bila kuonekana. Waliomfunua walikuwa watu wa Wizara ya Mazingira ya Barbados yenyewe, pamoja na shirika la uhifadhi la Re:wild, na hata wao hawakuthubutu kumtaja mpaka alipotazamwa kwa hadubini chuo kikuu. Kisha wakamrudisha msituni.