Nguzo ya 857

Mke wangu aliniambia mara tatu, na mara ya tatu alinisomea kabisa kwenye simu: mwenye nyumba tuliyopanga Córdoba, Uhispania, anasema gari tuliache nje ya mji wa zamani, tuburure mabegi kwa miguu, dakika kumi tu. Nikamjibu kwa kifua, "Bibie, mimi mtoto wa Mkunazini, Mji Mkongwe. Vichochoro ndivyo vilivyonilea."

"Mkunazini ulikuwa ukipita na gari?"

"Na vespa ya ami yangu."

"Haya," akasema, akaitia simu mkobani. Mke wa Kizanzibari akisema "haya" kwa sauti ile, ujue ameshanawa mikono.

Kichwa kilikuwa kimeanza kunivimba tangu Granada. Tulitoka Uingereza tunakoishi, Agosti, watoto tumewaachia shemeji yangu, tukashuka Málaga na kuchukua gari dogo jeupe la kukodi, usukani kushoto. Siku ya kwanza kila nikitafuta gia nashika mlango, na kila tukitoka dukani nakwenda kukaa upande wa abiria, natulia, nasubiri gari liondoke.

Kilichoniharibu hasa ni Alhambra, ngome ya wafalme wa Kiislamu wa Granada. Kuta za majumba yao zimenakshiwa maneno yale yale, juu, chini, kila upande: Wala ghaliba illa Llah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mimi niliyepigwa fimbo chuoni nikaona leo ndiyo leo. Nikayasoma kwa sauti, kwa mahadhi, mpaka bibi mmoja mtalii akaniuliza ziara yangu inayofuata ni saa ngapi.

Basi nikatoka pale nimeamua kuwa Uhispania ni kwetu. Nikaanza kumsomesha mke wangu: meza wanaiita mesa, bendera ni bandera, sukari ni azúcar, na hata hiyo "hata" yetu wao ni hasta, wote tumeitoa kwa Mwarabu. Lugha gani hiyo ya kunishinda?

Usiku ule tukaingia mkahawani kwenye saa tatu, maana kabla ya hapo Mhispania hajafikiria chakula cha usiku. Tunachambua menyu tukiogopa nguruwe, ambaye kule anajipenyeza hata kwenye supu, mara jicho langu likatua: papas a lo pobre. Papa! Miaka mingapi sijamtia mdomoni papa wa nazi? Nikamwonesha mhudumu vidole viwili, mmoja wangu, mmoja wa mama watoto, nikameza mate.

Zikaja sahani mbili za mbatata. Mbatata, vitunguu na pilipili hoho, zinaogelea katika mafuta ya zeituni. Nikachokora na uma mpaka chini ya sahani.

"Papa wako kazamia?" mke wangu akauliza. Akatoa simu, akatafsiri, akalia kwa kucheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Papas, kwa watu wa Andalusia, ni mbatata. Na zile zilikuwa mbatata za kimaskini.

Mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi kesho yake nikaendesha hadi Córdoba.

Tuliingia saa tisa alasiri. Msalaba wa kijani wa duka la dawa ulikuwa unawaka namba: saa, tarehe, kisha joto, 43. Mji mzima umelala, madirisha yamefungwa, njiani hakuna hata paka. Kwenye mdomo wa mtaa palikuwa na kibao chenye duara jekundu na neno residentes. Nikamfafanulia mke wangu, "Wanasema wakaazi. Sisi si tumepanga nyumba? Ni wakaazi wa siku mbili." Kamera iliyokuwa juu ya kibao haikuafiki tafsiri hiyo, na barua ya faini ilitufuata mpaka Uingereza.

Ramani ya simu ikasema pinda kulia. Nikapinda. Ukuta mweupe huku, ukuta mweupe huku, vyungu vya maua juu. Nikakunja saitimira ya kwangu. Pinda kushoto. Mke wangu akakunja ya kwake, kimya. Yule mwanamke wa kwenye ramani, sauti laini kama anasoma taarabu, akasema tena pinda kulia, na hapo ndipo nilipokutana na nguzo.

Kona za mji ule wamezipigia nguzo za mawe, nyingine za zama za Warumi, zimechimbiwa chini ili magurudumu ya mikokoteni yasile kuta. Hii yangu iliupokea mlango wa kulia wa nyuma kwa sauti ya kijiko kikikwangua ukoko wa wali. Nikaenda mbele, krrr. Nikarudi nyuma, krrrr. Kushoto, ukuta uko kiasi cha kupitisha kadi ya benki. Milango haifunguki. Nikazima gari, kiyoyozi nacho kikazimika.

Mke wangu hakunigombeza. Ningemshukuru kama angenigombeza. Alitazama mbele, jasho linamtiririka, akasema pole pole, "Wala ghaliba illa Llah."

Juu likafunguka dirisha. Bibi kizee mwenye vibanio kichwani akachungulia, akatutazama vile mtu anavyotazama maziwa yaliyokwishamwagika, kisha akageuka ndani na kupiga ukelele: "¡Otro!"

Mke wangu akaandika kwenye simu. "Anasema 'mwengine'."

Akashuka na ndara zake, mkononi chupa ya sabuni ya vyombo na kipande cha boksi. Hilo boksi nililiona vizuri, maana lilipita mbele ya kioo changu: limechakaa pembe, lina mabaka ya rangi nyekundu, buluu, na fedha. Rangi za magari ya watu. Sisi tulikwenda kuongeza nyeupe.

Akafungua buti kwa nje, akavuta mabegi yetu moja moja akayapanga kibarazani, kisha akampungia mkono mke wangu: njoo. Mama watoto akalaza viti vya nyuma akatambaa, akatokea kichwa kwanza, dera limemvuka magotini, mtandio umebaki kwenye kishikio cha mlango. Kwa bahati mbaya ndipo likafika kundi la watalii na kiongozi wao mwenye mwavuli. Hawakuwa na pa kupita. Walipiga makofi.

Bibi akapaka sabuni kwenye nguzo, akachomeka boksi, akasimama nyuma ya gari na kuanza: "¡Dale, dale, dale!" Yaani haya, twende. Mke wangu akasimama upande wa pili, na mwanamke niliyemuoa miaka kumi na minne, mpole, mwalimu wa watoto wadogo, akageuka kondakta wa daladala la Bububu: "Rudi! Rudi! Kata kulia! Kulia yako ya kulia, bwana we! Dale!" Akapiga buti kofi mbili. Watalii nao wakarudi kinyumenyume kama kundi la mbuzi, na mimi nyuma yao, nimelowa kama nimetoka kuoga, mpaka tulipotokea kwenye uwanja mdogo penye mti wa mchungwa.

Gari tuliliacha nje ya mji wa zamani. Mabegi tuliyaburura kwa miguu. Dakika nane.

Asubuhi tulikwenda Mezquita, msikiti ule alioanza kuujenga Abd al-Rahman wa Kwanza mwaka 785, ambao baadaye Wakristo walipachika kanisa kuu katikati yake. Hakuna simulizi inayokutayarisha: matao mekundu na meupe, tao juu ya tao, na nguzo 856, nyingi zimetolewa kwenye majengo ya zamani zaidi. Nilisahau mlango wa gari, nikasahau bima. Nikatoa simu nipige picha, nikaanza kurudi hatua moja moja ili matao yote yaingie.

Nyuma yangu nikasikia sauti, tamu, ya mtu aliyelala vizuri:

"Dale... dale... dale... Simama. Nguzo."