Bureti itangulie taa

Lubumbashi ni mji wa shaba na kobalti, kwa hiyo mwanafunzi wa kemia akitafuta mada ya TFC (kazi ya kumalizia masomo ya chuo), macho yake huenda huko kwanza. Mimi ningewapa baadhi yao europiamu, metali adimu ambayo viwanja vyake huwaka vyekundu. (Paladiamu na platini zisubiri: kosa moja tu linamaliza bajeti.) Sharti langu ni moja: asiguse taa ya urujuanimno kabla hajashika bureti, ule mrija wa kioo wenye koki wa kupimia mililita.

Kupika kiwanja chake si kazi kubwa: europiamu hushikwa na ligandi, yaani molekuli zinazoizunguka, ambazo hapa ni TTA na fenantrolini. TTA milimoli 3 (gramu 0.67) na fenantrolini milimoli 1 (gramu 0.18) huyeyushwa kwenye mililita 15 za ethanoli, nyuzi 60. Weka mililita 3 za NaOH ya molari 1, kisha kloridi ya europiamu yenye maji sita, gramu 0.37 ndani ya mililita 5 za maji, tone kwa tone. NaOH ikizidi, europiamu inashuka kama hidroksidi na utaichuja pamoja na zao lako bila kujua. Unga ukitoka na wekundu wa machungwa kwenye mwanga wa mchana, hiyo ni chuma iliyonaswa na fenantrolini. Maji ya robine hayo! Tumia yaliyotoneshwa.

Sasa taa. Chini ya nanomita 365 unga unawaka mwekundu, kwenye 612 hivi, na labo nzima inatoa simu kupiga picha. Lakini hata unga ambao fenantrolini haikuingia, ukabaki na molekuli 2 za maji, unawaka mwekundu. Mwanga wake ni hafifu zaidi, kwa kuwa mitikisiko ya O–H hunyonya nishati ya europiamu, ila jicho halina kipimo.

Bureti inacho. Miligramu 100 za unga zichemshwe na asidi ya nitriki ndani ya kabati la kuvuta hewa hadi ligandi ziharibike, zikaushwe, ziyeyushwe kwa HCl hafifu, pH ipandishwe hadi 5.5 au 6 kwa heksamini. Tia zailenoli oranji, kiashiria kinachobadili rangi, kisha teremsha EDTA ya molari 0.01, inayoishika europiamu moja kwa moja. Zao lenye fenantrolini linakula mililita 10.0, lenye maji, 11.7, kwa kuwa maji ni mepesi kuliko fenantrolini, hivyo miligramu zile zile zina europiamu zaidi. Pengo hilo hata bureti kuukuu inalionyesha.

Rangi ikigoma kutoka wekundu wa zambarau kwenda njano, shuku shaba, maana inaing'ang'ania zailenoli. Vyombo vilivyopimia madini huibeba kimyakimya. Viloweke kwenye nitriki hafifu usiku kucha, kisha urudie na sampuli mpya.