Mwanaparkour kwenye mbio za vikwazo: hesabu ambayo wakimbiaji hawaimalizi

Wakimbiaji wengi huwaona wanaparkour, yaani wanaojizoeza kuvuka kuta na vizuizi vya mjini kwa kukimbia, kuruka na kupanda, kama vijana wa kuruka mapaa ili warekodiwe video. Kuhusu mbio za vikwazo, hoja ya wakimbiaji hao ni ya hesabu: Spartan Beast, moja ya mbio za vikwazo za kampuni ya Spartan, ina kilomita 21 na vikwazo 30, yaani kikwazo kimoja kila mita 700 hivi. Muda mwingi unakimbia, tena milimani, na huko pumzi ndiyo huamua.

Sawa, lakini hesabu hiyo imeishia njiani. Kwa miaka mingi, aliyeshindwa kikwazo cha Spartan alipewa adhabu ya kujitupa kifudifudi, kujiinua na kuruka juu, mara 30. Ukishindwa vitano, umefanya mara 150, halafu uendelee kukimbia kwa mapafu yaleyale uliyoyategemea. Hata anayefaulu hulipa. Kwenye ukuta wa futi nane, asiye na mbinu huning'inia na kujivuta kwa nguvu za mikono mitupu. Mwanaparkour huukimbilia, akaukanyaga mara moja, kasi ya kwenda mbele ikampandisha juu. Mikono inapofika ukingoni kazi iliyobaki ni ndogo. Nguvu aliyoiokoa hapo ataihitaji kwenye kikwazo cha kupanda kamba.

Kisha kuna kushuka, jambo ambalo watu hawalizungumzii kabisa. Wanaoanza parkour hufundishwa kutua kabla ya kuruka: sehemu ya mbele ya unyayo itangulie, magoti yakunjike, na kama kasi ni kubwa, mtu ajiviringishe kwa bega. Kwenye kilomita ya 18, mapaja yakitetemeka, mwili uliozoea hivyo hutua bila kuambiwa. Magoti ya mwenzake asiyefundishwa kutua yanapokea kishindo chote.

Wala undugu huu wa parkour na mbio za vikwazo si wa kubahatisha. Georges Hébert, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alijenga mazoezi yake ya kukimbia, kupanda, kuruka na kubeba mwanzoni mwa karne ya 20, na njia za vikwazo za kijeshi zikatokana na kazi hiyo. Raymond Belle, baba wa David Belle anayetajwa kuwa mwanzilishi wa parkour, alifunzwa kwenye njia za namna hiyo. Mwanawe David akaihamishia mbinu hiyo kwenye kuta za Lisses, karibu na Paris.

Upungufu upo. Parkour huzoea zege kavu na soli inayoshika, ilhali ukuta wenye tope hauna urafiki na mtu. Hébert alihimiza kubeba mizigo. Vijana wa leo wameliacha hilo, na kikwazo cha kubeba ndoo ya kokoto mlimani huwaumbua haraka. Mbio ndefu nazo hawazipendi.

Mwenye miezi mitatu ya kujiandaa ningempa siku mbili za kuta kwa wiki, nyingine akimbie vilimani, na ndoo aanze kuibeba tangu wiki ya kwanza.