Ile DVD ya ndoa: leo naeleza miye mwenyewe

Bon, juu Shemeki ameshapita mu magrupe yote akieleza vile anataka ile hadisi ya DVD ya ndoa yenye nilimukopia tantine, leo muniachie na miye niseme. Na nyinyi benye mulianza kuniita "komantatere", kama mutangazaji wa mupira, muendelee tu, niko nawaona. Ata ule mwenye haandikagi kitu, anawekaga tu kale kasura kanatoka machozi ya kicheko, niko namuona pia.

Kwanza tusahihishe. Sikurekodi ndoa na telefone. Sikuwa nimelewa. Na picha, nasema PICHA, ilikuwa safi. Kila fasi Shemeki anapita na hadisi yake, pa picha anaruka.

Ile ndoa munaijua, mulikula. Ule wa kamera aliachia tantine DVD moja tu, kisha akahama na mashini yake, na tantine alitaka kopi ine: ya babamukwe kule Uvira, ya mutoto wake wa Kampala, ya pasta, na ya kuweka. Alikuwa ameshapata kijana wa pale Feu Rouge, hapa Bukavu, wa kumufanyia kwa dola moja moja. Angenyamaza tu akaenda, leo nisingekuwa naandika hapa. Lakini mi nilikuwa nimekaa pale, mudomo wangu uko wazi, nikamuambia tantine bale bavijana banakamula filme ndani ya disiki juu filme sita ziingie pamoja, njo maana bwana arusi akivaa suti nyeusi unaona vikarre vikarre, vile visanduku vidogo vidogo, mu mabega yake. Nikamueleza DVD za huku kwetu ziko na mistari 576, kila mustari vidoti 720, picha 25 kila sekunde, na ukiikamula mashini inatupa vile inafikiri jicho haitaona, inaanzia mu giza giza. Nikamuambia tena DVD haiko kaseti ya VHS, ile ukitoa kopi ya kopi, kopi ya tatu unamuona mutu hana pua. DVD ukiikopia vile iko, hakuna kitu kinapotea, ya kwanza na ya mia ni sawasawa.

Yote ile iko kweli. Muulize fundi mwenye munataka.

Tantine akaniangalia vizuri, akasema: "Basi mutoto wangu, fanya weye. Na weye hauwezi kunilipisha." Dola ine ikaishia pale.

Sasa ile disiki. Laptopu yangu inasoma vizuri mupaka katikati, kisha inaanza kukoroma, krooo, krooo, inaandika erreur, inajitoa. Narudilia, inajitoa fasi ile ile. Lakini lektere ya saloni, ile mashini ya kuchezesha DVD, ya Kichina ya zamani, unatia disiki, inacheza yote mupaka mwisho, ikifika pale pabaya inarukaruka kidogo tu inaendelea. Njo nikawaza kale kadude ka USB mwenye nilikanunua soko ya Kadutu: unachomeka waya tatu, ya manjano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti, lektere inacheza, laptopu inarekodi. Najua, najua, nyinyi bajuaji, ukipita mu ile waya haiko tena kopi sawasawa, kalite inashuka kidogo. Njo maana nikaweka megabiti 8 kila sekunde. Kwa saa moja inakula kama giga 3.6, na DVD-R ya kawaida inabeba 4.7, donc ndoa yote inaingia na hakuna kukamula sana. Nikatia na ile fishi ya double ili tele pia ipate picha na sauti, niwe naangalia.

Na ile kazi unaifanya paka filme inacheza. Ndoa ikiwa ya saa moja na dakika kumi, unakaa saa moja na dakika kumi.

Mwanzo nikapima. Dakika mbili tatu nikarekodi, nikasikiliza: korali inaimba, pasta anasalimia. Sauti ilikuwa kama ya mutu iko mu pipa, nikasema aa, njo mikro ya kanisa, kanisa zetu tunazijua. Nikaanzisha mupya, nikaacha itembee.

Pale pasta anaanza mahubiri, telefone ikalia. Shemeki. Nikashusha sauti ya tele mupaka zero ili nimusikie. Na hapa munisikilize muzuri, juu hapa njo banacheka bila kuelewa: ukishusha sauti ya TELE, ile sauti inapita mu waya haishuki. Tele iko kivyake, waya iko kivyake. Nilifanya sawa kabisa! Kitu chenye sikujua ni kwamba programu ilikuwa imechagua picha itoke mu kadude, na sauti itoke mu mikro ya laptopu. Toka mwanzo. Ile korali ya mu pipa ilikuwa inatoka mu tele, inapita mu hewa ya saloni yetu, inaingia mu mikro. Tele ilipokuwa inasema, ndoa ilisema. Tele ilinyamaza, ikabakia miye.

Nilimaliza, nikagrava disiki ine, kwa vitesi ya 4, si ile ya 16 ya bale bavijana benye haraka. Nikazifunga vizuri mu programu ili lektere yoyote izisome. Juu yake nikaandika na feltre, sikubandika karatasi, juu karatasi inafanya disiki itikisike. Programu ikaverifie, ikaniambia yote sawa. Ndiyo, mashini inaangalia tu kama kenye kako mu disiki kanafanana na kenye uliipa. Ukiipa ujinga, inakuhakikishia ujinga umefika muzima.

Usiku nikaziangalia, bantu balikuwa balilala kwa hiyo bila sauti. Nikakagua suti ya bwana arusi, mabega yote mbili. Hakuna ata karre kamoja.

Siku ya mungu, kisha kanisa, kwa tantine. Saloni ilijaa. Babamukwe na mamamukwe balitoka Uvira, pasta mwenyewe na madamu yake, Baba mudogo mu ile kiti kubwa, batoto chini, samaki ya sambaza inapita, sukre (soda) inapita. Shemeki alikaa karibu ya mulango, telefone mu mukono, anafilme kila kitu, munajua tabia yake. Na miye nimesimama karibu ya tele nawaeleza bageni vidoti 720. Nilikuwa nimevaa shemizi mupya.

Korali ikaimba. Mamamukwe akasema eeeh, picha iko safi. Nilimusikia na masikio yangu. Muandike ile pia.

Pasta mu tele akafungua Biblia. Mara sauti ikakatika, tiii, kimya. Kukasikika kiti inasukumwa. Kisha, wazi kabisa, kama mutu iko kati yetu:

"Allô! Eeh Shemeki! Sema!"

Tantine akageuka: "Mutoto, telefone yako." Nikaitoa mufuko. Ilikuwa imezimwa. Njo tumbo yangu ikaanza kuyeyuka.

Pasta mu tele akainua mukono juu ya bana arusi, akafungua mudomo: "Hapana, niko tu kwetu, nakula." Pasta wa kweli, mu kiti, akashusha sahani yake. Pasta wa mu tele akamuangalia bwana arusi uso kwa uso: "Eti unataka nikukopeshe tena?" Bwana arusi, na ile suti ya muzuri, akatabasamu, akafungua mudomo wake pole pole: "Mi sina kitu, ungojee mwisho wa mwezi." Ikafika zamu ya bibi arusi. Pasta akamuuliza. Akainamisha macho, midomo ikatikisika kidogo: "Eeh... eeh... weee! Uongo!"

Saloni ikapasuka. Batoto balilala chini. Pasta alicheka mupaka madamu yake akamupiga mugongo. Mi nikaruka kushika telekomandi na nikaikosa, juu alikuwa nayo Baba mudogo, na yeye njo alicheka kushinda bote, machozi inatoka, anasema: "Acha! Acha iendelee! Mutu asiiguse!"

Nikamuambia, Baba mudogo, nakuomba. Akasema kaa chini.

Sasa muwaze. Ile mazungumzo niliifanya miye. Najua kenye kanafuata. Najua baada ya viapo kuko pete, baada ya pete kuko zawadi, na najua pale pa zawadi nilikuwa nasema nini na Shemeki. Nikamuangalia Shemeki. Shemeki alikuwa anaangalia plafon.

Pete ikapita (nilikuwa nakohoa). Zawadi ikaanza. Bamama na mabasani. Bakaka na godoro. Na mu tele akatokea Baba mudogo mwenyewe, na kofia, anacheza anakuja mbele, bahasha nyeupe iko juu ya kichwa, munene, anazunguka, anarudi nyuma, anazunguka tena, bantu banapiga makofi bila sauti. Na sauti yangu:

"Aah Shemeki, ungeona, Baba mudogo njo anapita. Anacheza na bahasha... Eeh?... Weye njo uliifungua?... Ngapi?... FRANKA ELFU TANO?! Ile bahasha yote munene vile?... Eeh?... Programe ya kanisa? Aliikunja ndani?"

Na kisha kicheko. Changu. Ndefu. Mudomo wangu ulikuwa karibu sana ya mikro, kwa hiyo kalite yake siwezi kusema vibaya, ilikuwa inasikika mupaka pumzi ya mu pua. Na ule wa mu tele bado anacheza, anainama, anapokea makofi.

Kitu chenye kinaniuma mupaka leo: bahasha balizifungua bale ba komite, Shemeki iko mu komite, mi sikuwa najua kitu. Yeye njo aliniambia! Yeye njo alianza! Lakini sauti yake ilikuwa mu sikio yangu, mikro haikuipata. Tulisengenya tuko wawili, akasikika mumoja.

Hakuna mutu alicheka. Pasta akatafuta kitu chini ya kiti. Mamamukwe, mama wa watu, na upole wake, akauliza: "Na huyu mwenye anasema ni nani?" Na tantine, bila kuniangalia, akajibu: "Ni teknisie."

Baba mudogo akaweka telekomandi juu ya meza, akavaa kofia, ile ile ya mu tele, akasema anaenda kuona kama mvua itanyesha. Jua lilikuwa linawaka Bukavu muzima. Hakurudia. Sukre yake aliiacha katikati, batoto bakaimaliza.

Zingine ni kidogo. Kesho yake nilichukua ile disiki ya kwanza, nikaiosha na maji na sabuni kidogo, nikaipangusa na kitambaa laini toka katikati kwenda pembeni, si kuzungusha. Haikuwa imekwaruzwa. Ilikuwa mafuta ya kidole ya beinye, kidole ya tantine mwenyewe, sitasema mbele yake. Laptopu ikaisoma yote mupaka mwisho bila kukoroma, nikakopia vile iko, nikatoa zingine ine, tantine akapokea, akasema aksanti ya baridi. Zile za kwanza nilizichukua tena tatu. Ya ine iko Uvira, banasema ni ya kucheka, hawaitoi. Baba mudogo tunasalimiana na kichwa.

Ila ile video yenye inazunguka mu mastatus yenu, ile Shemeki alifilme tele na telefone akiwa karibu ya mulango, nawaomba muifute. Si juu ya haya, haya imekwisha. Ni mbaya! Iko na mistari inapita juu ya skrini, sauti inagonga ukuta, nusu ya pasta imekatwa, na kila mutu anaiweka mupya mu status yake inakamuliwa tena, sasa bwana arusi hana ata sura. Fishie ya kwanza niko nayo, megabiti 8. Mwenye anaitaka aniandikie pembeni, namukatia kipande, namutumia kama dokimenti, si kama video, hivyo kinafika kizima. Isipokuwa weye Shemeki.