Kampuni ya Nairobi, cheti cha Delaware

Vijana wengi wanaoanzisha kampuni za teknolojia Nairobi na Dar es Salaam husajili kampuni mama katika jimbo la Delaware, Marekani, ilhali ofisi, wafanyakazi na wateja wao wote wako hapa nyumbani. Wapo wanaousifu uamuzi huo kuwa ni werevu wa kibiashara, na wapo wanaoulaani kuwa ni ukwepaji wa kodi.

Wanaousifu wana hoja. Mwekezaji wa Marekani anaifahamu sheria ya Delaware na anaiamini Mahakama yake ya Chancery, yenye majaji waliobobea katika mashauri ya kampuni, kwa hiyo hahitaji kumlipa wakili amfafanulie sheria ya kampuni ya Kenya kabla ya kutoa mtaji. Mwanzilishi naye halazimiki kuishi Marekani wala kuwa raia wake. Kupitia Stripe Atlas, huduma ya mtandaoni ya kusajili kampuni, hulipa dola 500, akapata hati za usajili na njia ya kupokea malipo ya kadi kutoka kwa wateja wa ng'ambo.

Tatizo huja baadaye. Kampuni ya hisa 10,000,000, idadi ambayo ni ya kawaida kwa kampuni changa, inaweza kupokea hesabu ya kodi ya mwaka ya jimbo inayofikia dola 85,165, hata kama haijauza chochote. Anayejua taratibu hukokotoa kwa njia ya pili inayoruhusiwa kisheria, inayozingatia thamani ya mali, na deni likashuka hadi dola 400. Asiyejua hukosa usingizi. Mwenye LLC (aina ya kampuni ya Marekani isiyo ya hisa, ambayo mwenyewe hawajibiki binafsi kwa madeni yake) anayeimiliki peke yake akiwa nje ya Marekani ana mtego mwingine: asipowasilisha kwa mamlaka ya kodi ya Marekani fomu 5472, ya kutoa taarifa za miamala kati yake na kampuni, katika mwaka aliotia fedha zake katika kampuni au kuzitoa, faini huanzia dola 25,000, iwe amepata faida au hasara.

Kuhusu kodi ya nyumbani, naona wote wawili, anayesifu na anayelaani, wanakipa cheti cha usajili uzito kisichokuwa nacho. Sheria za Kenya na Tanzania huitambua kampuni kuwa mkazi ikiwa usimamizi na udhibiti wa shughuli zake unafanyika nchini, popote iliposajiliwa. Mkurugenzi anayefanya maamuzi yote akiwa Kilimani, Nairobi, au Masaki, Dar es Salaam, ameshaileta kampuni yake mbele ya mamlaka ya mapato ya Kenya (KRA) au ya Tanzania (TRA), na kwa kuwa hakuna mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili kati ya nchi hizi na Marekani, anaweza kujikuta akidaiwa huku na kule.

Hata hivyo, kungoja nako kuna gharama. Anayeanza kwa kusajili nyumbani, kisha akatakiwa na mwekezaji kuihamishia kampuni mama Delaware, huhamisha hisa zilizokwisha kupata thamani. Uhamisho huo unaweza kuzaa kodi ya faida ya mtaji, ambayo Kenya iliipandisha kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka 2023. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa Delaware, ila inamhusu mwenye mazungumzo ya kweli na mwekezaji wa aina hiyo. Mwenye duka la mtandaoni anayelipwa kwa M-Pesa na wateja wa Arusha na Moshi anatoshelezwa na usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Tanzania.